Mnamfungia paka nje usiku, halafu mnamlaumu fisi

Wadau, mtu akiandika kutoka Karatu, huku kwenye barabara ya kupandia Ngorongoro, wasomaji hutegemea moja kati ya mambo mawili. Ama habari za watalii, ama mjadala wa wafugaji wa hifadhini na ile safari ya kuhamia Msomera iliyoanza mwaka 2022. Hayo nimeyaandikia gazetini na nitayaandikia tena. Leo nazungumzia paka. Mhariri wangu hawezi kuipa nafasi habari ya paka hata kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa hiyo naileta hapa ambako mhariri ni mimi mwenyewe.

Hoja yangu ni fupi: huku kwetu tumegeuza saa. Usiku watu wakishamaliza kula, paka anasukumwa nje kwa mguu, mlango unafungwa, "nenda kakamate panya." Asubuhi anaingia, analala karibu na jiko mchana kutwa. Hata mtoto wa paka wa miezi miwili anafanyiwa hivyo hivyo, eti ndiyo anafundishwa kazi. Akipotea tunasema kaliwa na fisi, tunaenda kuomba mwingine kwa jirani. Mimi nasema paka mdogo afundishwe kutoka nje mchana, kidogo kidogo, na usiku awe ndani. Najua tayari kuna mtu huko Sinza anacheka. Cheka, lakini soma kwanza.

Mama mwenye nyumba ninapopanga amepoteza paka watatu ndani ya mwaka mmoja. Ni mama wa Kiiraqw, analima mahindi na mbaazi, na magunia yake yamepangwa kwenye stoo inayopakana na chumba changu. Panya wa stoo ile nawasikia usiku wakikimbizana kama wanafunzi wa bweni mwalimu wa zamu akiwa hayupo. Kwa hiyo kwake paka si pambo. Gunia likitobolewa ni ada ya mtoto imetobolewa. Nilipomuuliza wale paka watatu walikwenda wapi, alinijibu neno moja: fisi. Basi nikafanya kazi ninayolipwa kuifanya, nikaanza kuuliza majirani.

Wa kwanza aliokotwa na vijana wa bodaboda pembeni ya lami. Geti la Lodoare hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na magari ya watalii waliolala Karatu hutoka hapa giza likiwa bado halijaisha ili yawahi kuteremka kreta. Saa hiyo hiyo ndiyo paka aliyekesha nje anavuka barabara kurudi nyumbani. Hapo hakuna fisi, ni Land Cruiser.

Wa pili alikufa uani, mbele ya watoto. Alikuwa na viroboto. Mtu mmoja mwenye nia njema kabisa alichukua dawa ya kupe iliyobaki kwenye bomba baada ya kunyunyizia ng'ombe, akampaka. Haikuchukua muda akaanza kutetemeka, kutoa mate na kuanguka anguka. Wengi hawajui jambo hili na sikulaumu kama hukulijua: dawa nyingi za kuogeshea mifugo zina kemikali za jamii ya pairethroidi. Ng'ombe anazivumilia, mbwa naye anazivumilia kwa kipimo chake, lakini ini la paka haliwezi kuzivunja kama ini la wenzake. Ongeza na tabia yake ya kujilamba mwili mzima, ukipaka mgongoni umempa mdomoni. Kwa hiyo dawa ya josho haimgusi paka, nukta. Na siku ya kuogesha ng'ombe mtoto wa paka abaki ndani mpaka ngozi za ng'ombe zikauke.

Wa tatu hakuna aliyemwona. Huyu inawezekana kweli ni fisi. Inawezekana pia ni sumu ya panya, maana nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wameiweka wiki ile ile. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Sumu nyingi za madukani huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kumuua, na siku hizo zote anatembea kizembe, windo rahisi kwa paka asiyejua kazi. Kwa wenye nyumba ushauri wangu ni mmoja: chagua paka au chagua sumu. Na kama jirani ndiye anayeweka, mjue jirani yako kabla hujafungua mlango.

Hesabu ndiyo hiyo. Paka watatu, fisi wa kudhaniwa mmoja, na vifo viwili vya kujitakia sisi binadamu.

Sisemi wanyama hawapo. Karatu iko kwenye mita kama 1,500 hivi, juu yetu ni msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, na kwa watu wa Ayalabe na Tloma msitu ule ndio jirani wa mwisho wa shamba. Tembo na nyati hushuka mashambani, sembuse fisi asiyehitaji kualikwa. Lakini tazameni ratiba ya wenyewe. Fisi, chui, kanu, nyegere, bundi wakubwa, karibu wote kazi yao ni ya usiku. Mbweha anapenda jioni na alfajiri. Mbwa wa mtaani, ambao kwa mtoto wa paka ni hatari kuliko chui, nao wakishafunguliwa usiku wanatembea makundi. Mchana anayebaki ni tai na mwewe, na mwewe wa huku si wa kuchezea. Waliowahi kula chakula cha mchana pale Ngoitokitok, ndani ya kreta, wanajua jinsi anavyoshuka kimya na kukunyakua mkate mkononi. Ndiyo maana hata mchana paka mdogo siku za mwanzo hatoki peke yake. Ila mwewe unamwona, na mtu aliyekaa karibu anatosha kumfanya aende kwa wengine.

Sasa ile hoja ya panya, maana ndiyo kila mtu ananirushia. Jamani, panya hawali mahindi barabarani. Wanayala stooni, usiku. Ukimtoa paka nje usiku umemwondoa mahali penye wizi saa ya wizi, ukamrudisha ndani mchana wezi wakiwa wamelala. Mlinzi wa benki angepangiwa zamu hivyo tungeuliza kulikoni. Paka mkubwa afungiwe stooni usiku pamoja na magunia, na bakuli la maji. Paka wa miezi miwili asitumwe popote. Panya mkubwa atamng'ata yeye.

Mimi ninaye wangu, anaitwa Diwani, kwa sababu haonekani mtaani mpaka wakati wa chakula. Nilimpata Rhotia, na nilisubiri atimize wiki nane kwa mama yake kabla ya kumchukua. Huku watu hugawa watoto wa paka mara tu macho yakifunguka na miguu ikishika, kisha wanashangaa kwa nini anang'ata kila mtu na anaogopa hata kivuli. Kucheza kwa adabu anafundishwa na mama yake na ndugu zake. Wewe hutaweza kumfundisha kwa kumzomea.

Wiki tatu za mwanzo hakutoka chumbani kabisa. Alikuwa na boksi la mchanga pembeni, na mimi nilikuwa nikiandika habari zangu huku ananing'inia kwenye suruali. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwandishi. Huyo utamfunga mpaka lini? Paka si ng'ombe."

Wazo la wiki tatu si la kumtesa. Paka anajua kwao kwa harufu kabla ya kujua kwa macho. Akitolewa nje siku ya pili hana kwao bado, kitu cha kwanza kikimtisha atakimbia mbele, na mbele ndiko kuliko na barabara. Akishapaka harufu yake kwenye miguu ya kitanda, kwenye mlango, kwenye viatu vyako, basi akitishwa atakimbia kurudi nyuma. Tofauti ya kuishi na kufa ni huo mwelekeo tu.

Katika wiki hizo nilimfundisha jambo moja: kopo. Kila mlo, bila kukosa, nagonga kopo la bati kwa kijiko mara tatu ndipo nampa dagaa. Mara tatu, si nne, na hakuna anayeruhusiwa kugonga kopo lile kwa mchezo, hata watoto wa mwenye nyumba wanalijua hilo. Baada ya wiki mbili ukigonga anatoka hata chini ya godoro. Hiyo ndiyo kamba yake. Zipo kamba za kweli, zile za kuvishwa kifuani, na aliye nazo azitumie siku za mwanzo. Ila msimfunge kamba shingoni kama mbuzi. Paka hupanda na kuruka, na akinasa kwenye tawi au uzio atajinyonga mwenyewe.

Siku ya kwanza ya kutoka nilichagua asubuhi ya jua, saa nne, watoto wakiwa shule na mbwa wa jirani wamelala. Msitoe mtoto wa paka katika ule ukungu wa Juni na Julai, wala mvua ikinyemelea. Nilikuwa sijampa chakula, na hili ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu paka aliyeshiba hana sababu ya kurudi. Nilifungua mlango nikauacha wazi, nikakaa kizingitini na gazeti. Sikumbeba. Ukimbeba na kumweka katikati ya uwanja umemwondolea njia ya kurudi, maana hakuifuata kwa miguu yake. Alichukua karibu robo saa kufika kwenye ngazi. Akanusa kokoto, akaona kuku, akarudi ndani mbio. Nikamwacha. Akatoka tena. Baada ya dakika kumi nikagonga kopo, akaja, akala, mlango ukafungwa. Kesho yake dakika kumi na tano. Wiki iliyofuata nusu saa, mimi bado niko pale. Ilichukua karibu mwezi kabla sijaweza kuingia ndani kuchemsha chai nikamwacha uani mwenyewe. Wanaosema paka anajifundisha ni kweli anajifundisha, lakini apewe nafasi ya kukosea bila kulipia kwa roho yake.

Saa kumi na moja jioni kopo linagongwa, na huo ndio mlo mkubwa wa siku. Huku kwetu karibu na ikweta jua halina mbwembwe. Likianza kuzama, muda si mrefu ni giza, na hiyo saa ya kiza kiza ndiyo paka anapata wazimu wa kuwinda na wenzake wakubwa wanaamka. Ukisubiri mpaka usiku ndipo uanze kumwita umechelewa.

Kabla ya hayo yote kuna chanjo, na hapa nasimama kidogo.

Ugonjwa huu tumeupa jina baya. "Kichaa cha mbwa." Jina lenyewe linamdanganya mtu kwamba paka hahusiki. Nimehudhuria siku za chanjo kama mwandishi, ni foleni ndefu ya mbwa na kamba, watoto wamejaa vumbi, na paka unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Paka hupata kichaa hiki, mara nyingi kwa kung'atwa na mbwa au mnyama wa porini, na akikipata hukimbilia watu kwa kucha na meno. Kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza karibu watu 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, na makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa watu 59,000 kwa mwaka. Wengi mno kati yao waliumwa na mbwa, nakubali. Lakini ni paka, si mbwa, anayelala kitandani na mtoto wako.

Mtoto wa paka huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na umpe kama wiki nne kinga ijijenge kabla ya kumwachia azurure. Muulize daktari wa mifugo pia chanjo ya yale magonjwa ya paka wenyewe, hasa ule wa kutapika na kuharisha unaofagia watoto wa paka nyumba nzima kwa siku chache. Haipatikani kila mahali, lakini uliza. Na mtu yeyote, mkubwa au mtoto, akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili. Msipake dawa ya meno. Nimeviona vyote viwili.

Watu wengi hawapeleki paka chanjo kwa sababu ndogo tu: hawajui kumbeba. Mbwa unamvuta, paka anakuparura mpaka uso. Tumieni kapu la ukindu lenye kifuniko, au tenga la kubebea kuku lililofunikwa kwa khanga. Akiwa gizani anatulia. Mimi nilikwenda na kapu, wanaume wenye mbwa wakacheka, nikachanja nikaondoka kabla yao maana Diwani hakubweka.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu anafanya kazi hotelini juu kule, ukingoni mwa kreta, na anaishi nyumba za wafanyakazi. Alipomwona Diwani akaniomba nimtafutie wa kwake. Nilimwambia kwanza aulize mamlaka ya hifadhi wanasemaje, lakini mtazamo wangu ni kwamba hapana. Si kwa sababu ya baridi tu, ingawa mita 2,300 si mchezo kwa kiumbe cha nusu kilo. Kule hatua chache kutoka mlangoni ni porini kweli, hakuna uani, hakuna saa nne ya salama.

Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Kule anaishi binamu yake. Paka pori wa Afrika, wengine humwita kimburu, anafanana na paka wa nyumbani mwenye michirizi, ila ana miguu mirefu zaidi na masikio yake kwa nyuma yana wekundu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii hiyo ya paka pori, wa kule Mashariki ya Kati. Undugu huo ndio tatizo. Paka wa nyumbani akizurura huzaa na paka pori, na wataalamu wa uhifadhi wanautaja mchanganyiko huo kuwa tishio kubwa kuliko yote kwa paka pori. Humwoni akipungua, kwa sababu unaendelea kuona paka tu. Magonjwa nayo hayaonyeshi kitambulisho getini. Mwaka 1994 distempa ya mbwa, iliyohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti, iliua takriban theluthi moja ya simba wa kule, inakadiriwa 1,000. Simba, kwa ugonjwa wa mbwa wa kijijini.

Kwa hiyo kabla paka hajaachiwa kutembea mwenyewe, ahasiwe, na kama ni jike afungwe kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, wewe bado unamwita mtoto, na baada ya kama siku 65 una watoto wanne wa kugawa. Dume asiyehasiwa akishapata harufu ya jike hasikii kopo, hasikii kijiko, anavuka lami tatu kwa usiku mmoja.

Mama mwenye nyumba hakupinga chanjo wala kopo, lakini kuhasi alikataa kabisa. Tulishakubaliana kwamba Diwani akikua zamu yake ya usiku itakuwa stooni kwake, sasa aliona namharibia mfanyakazi.

"Mwandishi, ukimhasi atakuwa mvivu. Hatakamata kitu."

"Mama, maksai wako halimi?"

Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akauliza yule daktari wa mifugo anakuja lini tena, kwa sababu dada yake wa Mbulumbulu ana majike mawili.